Vita Havikumtoa Skwota Shambani

Kila inapozungumzwa habari ya Waafrika wa Kenya waliopigana katika Vita vya Pili vya Dunia, maelezo huwa ni yale yale: kwamba walikwenda Burma wakiwa wamelala, wakamwona mzungu akiogopa na kufa kama binadamu mwingine yeyote, wakarudi wameamka, na kuamka kwao kukazaa harakati za uhuru. Maelezo haya yana ukweli wake, hasa kwa wale wachache waliokuwa wamesoma na ambao jeshi liliwafanya makarani, madereva na mafundi wa mawasiliano. Yakipimwa kwa maisha ya mfanyakazi wa shamba la setla, yaani mlowezi wa kizungu, mfanyakazi yule aliyeitwa skwota, yanapwaya. Mtu huyo hakuhitaji kuvuka Bahari ya Hindi ili ajue kwamba anaonewa, kwa kuwa alikuwa amekwisha kulijua hilo kwa idadi ya siku alizotakiwa kufanya kazi na kwa idadi ya mbuzi alioruhusiwa kufuga. Kwake vita vilikuwa mkataba mwingine wa kazi chini ya serikali ile ile, na kilichomchoma zaidi kuliko yote aliyoyaona ugenini ni kile alichokikuta aliporudi.

Tuanze na mkataba wa kwanza, maana bila kuuelewa huo, wa pili hauelezeki. Baada ya ardhi ya Bonde la Ufa na maeneo ya jirani kutengwa kwa ajili ya wazungu, masetla walijikuta na maelfu ya ekari na hawana mikono ya kuzilima. Familia za Wakikuyu, Wakipsigis, Wanandi, Waluhya na wengineo zikahamia mashambani humo, nyingine zikiwa zimepokonywa ardhi, nyingine zikifuata malisho mapana kuliko yale ya rizavu, maeneo yaliyotengewa Waafrika. Zilipewa mahali pa kujenga, kulima na kuchunga, nazo zikatoa kazi. Hapo mwanzo mpango huo uliwafaa wote wawili kwa kiasi fulani, na wapo maskwota waliokuwa na mifugo mingi kuliko ndugu zao waliobaki nyumbani. Sheria ya 1918 ndiyo iliyoanza kuukaza: skwota alitakiwa kumfanyia mwenye shamba kazi kwa siku 180 kila mwaka, na katika miaka iliyofuata serikali ikahakikisha kwamba anahesabiwa mtumishi, asiweze kudai haki za mpangaji. Tofauti hiyo ilikuwa nzito. Mpangaji akifukuzwa ana la kusema mbele ya hakimu, lakini mtumishi aliyemaliza mkataba hana dai lolote juu ya ardhi, hata kama amezaliwa juu yake na ndiye aliyeing'oa visiki.

Kilichomfunga zaidi kilikuwa kipande. Sheria ya usajili ilitungwa mwaka 1915 ikasubiri vita vya kwanza viishe, kisha ikaanza kutekelezwa kuanzia 1919. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kama miaka 16 alitakiwa kuwa na karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza kazi na tarehe ya kuachiwa, nayo ikawekwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Tarehe ya kuachiwa ilijazwa na mwajiri. Asipoijaza, mfanyakazi hakuweza kuajiriwa kwingine, na akiondoka bila ruhusa alikuwa mtoro wa kutafutwa na polisi, kwa kuwa kuvunja mkataba wa kazi kulikuwa kosa la jinai. Katika miaka ya 1920 likaongezwa lile ambalo maskwota walilibandika jina la kifagio: mifugo yao ilifagiliwa kutoka mashambani, ng'ombe na mbuzi wakauzwa kwa bei ya kutupa au wakafukuzwa, kwa maelezo kwamba walileta magonjwa na kumaliza nyasi. Ukichukua mifugo ya familia ambayo akiba yake yote ilitembea kwa miguu minne, umeitupa nyuma kwa kizazi kizima.

Sheria nyingine ikatungwa mwaka 1937 na kuanza kutumika 1940. Hii ilizipa halmashauri za wilaya, ambazo zilikuwa mikononi mwa masetla wenyewe, uwezo wa kuamua idadi ya maskwota katika kila shamba, ekari wanazolima, wanyama wanaofuga, na siku za kazi ambazo sasa ziliweza kufika 270 kwa mwaka. Tarehe hiyo ya 1940 mara nyingi huachwa nje ya masimulizi ya vita, nami naona ndiyo ufunguo wake. Mwaka ule ule ambao Italia iliingia vitani na mapigano yakafika Moyale, sheria ya kummaliza skwota ilikuwa imekwisha kuwekwa mezani ikisubiri nafasi. Vita viliahirisha utekelezaji wake kamili, kwa sababu hakuna setla aliyetaka kufukuza wafanyakazi wakati wa uhaba.

Kufikia mwisho wa vita Waafrika wapatao 98,000 wa Kenya walikuwa wamepitia jeshini. Baadhi walijitolea, baadhi walitolewa na machifu waliotakiwa kujaza idadi, baadhi walichukuliwa kwa nguvu ya sheria za dharura. Kwa kijana wa shambani palikuwa na vishawishi vya wazi: mshahara uliozidi ule wa setla, chakula cha uhakika, nguo na viatu, na zaidi ya yote njia halali ya kutoka katika mkataba ambao vinginevyo ungemfanya mtoro. Ni rahisi leo kuwacheka waliojiandikisha kwa ajili ya vita visivyowahusu. Mimi nawaona kama watu waliolinganisha mabwana wawili wakamchagua aliyelipa zaidi, jambo ambalo mfanyakazi yeyote mwenye akili timamu hulifanya.

Lakini jeshi nalo lilikuwa na daftari lake la makabila. Wakamba, Wanandi na Wakipsigis walihesabiwa kuwa watu wa vita na kupelekwa kwenye vikosi vya bunduki vya King's African Rifles, au Keya kama raia walivyoviita. Wakikuyu, ambao walikuwa wengi miongoni mwa maskwota, hawakuaminiwa sana na bunduki, wakaelekezwa zaidi kwenye udereva, ufundi, ukarani na kazi za mikono. Kikosi cha kazi cha Afrika Mashariki, na baadaye vikosi vya wapayonia vilivyotumwa hadi Mashariki ya Kati, vilijaa watu waliovaa sare za askari na kushika sururu, koleo na panga. Walichimba mahandaki, wakapakua meli, wakapasua mawe ya barabara, wakajenga viwanja vya ndege. Mtu aliyetoka kung'oa visiki Naivasha akapelekwa kupanga magunia jangwani alikuwa amebadilisha msimamizi na hali ya hewa. Kazi ilikuwa ile ile, na nyapara aliyemhesabia siku alikuwa amevishwa cheo begani.

Hata waliopewa bunduki walikutana na kazi ya shamba katika sura nyingine. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyobeba nembo ya kichwa cha kifaru, iliingia Burma katikati ya 1944, msimu wa masika makuu ya huko, na kupewa Bonde la Kabaw, mahali ambapo malaria na homa ya utitiri wa vichakani viliogopwa sawa na risasi. Barabara zilikuwa mito ya tope. Askari walikata miti, wakalaza magogo ubavu kwa ubavu ili magari yapite, tope likayameza, wakakata mengine. Waliokuwa mbele waliishi kwa chakula kilichodondoshwa na ndege, na majeruhi walibebwa kwa machela siku nzima kwenye miteremko yenye utelezi. Desemba 1944 divisheni hiyo iliifikia Kalewa kwenye mto Chindwin, na daraja la vyuma lililofungwa hapo na wahandisi, lenye urefu wa zaidi ya futi 1,100, lilisemekana kuwa refu kuliko madaraja yote ya aina yake wakati huo. Vitabu vya vita hulitaja daraja hilo kwa fahari. Magogo ya Kabaw, ambayo bila hayo hakuna gari lingelifikia daraja, hupewa mstari mmoja.

Wapo ambao hawakufika hata huko. Mapema Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa imebeba kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki pamoja na wauguzi na mabaharia. Tarehe 12 mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani iliipiga kwa makombora mawili, nayo ikazama katika muda usiofika dakika tatu. Takriban watu 1,300 walikufa, na wengi wao walikuwa Waafrika wa Afrika Mashariki. Ni mojawapo ya misiba mikubwa kabisa iliyowapata watu wetu kwa siku moja katika vita vile, na bado ni nadra kuisikia ikitajwa darasani.

Nidhamu ya jeshi nayo haikuwa ngeni kwa mtu wa shambani. Jeshi la Uingereza lilikuwa limeacha kuwachapa viboko askari wake tangu 1881, ila kwa Waafrika wa Afrika Mashariki adhabu hiyo iliendelea kutumika hata katika vita vya pili. Mwafrika wa Keya aliweza kupanda hadi vyeo vya juu vya wasio maofisa, kisha dari likamzuia. Kijana mzungu aliyehamishwa juzi kutoka Uingereza angempa amri sajini mwenye miaka 15 kazini. Malipo yaligawanywa kwa rangi kabla ya kugawanywa kwa cheo. Kwa maneno mengine, muundo mzima wa shamba la setla, wenye bwana juu, karani pembeni, nyapara katikati na kibarua chini, ulihamishiwa kambini ukiwa mzima.

Wakati huo huo mashamba hayakusimama. Kuanzia 1942 serikali ya Kenya iliruhusu Waafrika kulazimishwa kufanya kazi katika mashamba binafsi yaliyotajwa kuwa ya lazima kwa vita, yakiwemo ya katani na pareto. Katani ilihitajika kwa sababu Japani ilikuwa imeiteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia ya leo, kulikotoka kamba nyingi za Washirika. Pareto ilihitajika kwa sababu Japani yenyewe ndiyo iliyokuwa mzalishaji mkubwa kabla ya vita, na ghafla Kenya ikawa tegemeo. Maua yale meupe huchumwa moja moja kwa vidole, yakaanikwa, na dawa inayotokana nayo huua mbu na wadudu wengine. Majeshi ya Washirika yaliitumia kwa wingi katika kambi za nchi za joto. Wachumaji walikuwa hasa wake na watoto wa maskwota, waliolipwa kwa uzito wa maua. Basi yawezekana kabisa kwamba dawa iliyopulizwa katika hema la askari huko Burma ilianza safari yake kwenye kikapu cha mkewe, mahali fulani juu ya mteremko wa Molo au Kinangop, na kwamba nyumba hiyo moja ilikuwa ikifanya kazi kwa ajili ya vita pande zote mbili za bahari, kila upande ukilipwa kwa kiwango cha chini kabisa kilichokuwapo.

Na setla? Sheria ya 1942 ya kuongeza mazao ilimhakikishia bei na mapato ya chini ambayo asingeyakosa, ikampa na fedha za kufungua ardhi mpya. Mahindi yake yalinunuliwa kwa bei ya juu kuliko mahindi yale yale yakitoka kwa Mwafrika. Faida ya miaka hiyo ilinunua matrekta, na matrekta yakapunguza haja ya skwota. Hapa ndipo msuko mzima unapoonekana: vita vilimtajirisha mwenye shamba kiasi cha kumwezesha kumfukuza yule aliyekwenda kuvipigana.

Wanajeshi walianza kurudishwa nyumbani kuanzia 1945. Walipewa cheti cha kuachiwa, bahasha ya kiinua mgongo, na akiba waliyokatwa mishahara ikiwa imewekwa katika benki ya posta. Nyaraka zilizojitokeza hadharani mwaka 2019 zilionyesha kwamba hata kiinua mgongo hicho kilipimwa kwa rangi, mzungu wa cheo cha chini kabisa akipata karibu mara tatu ya Mwafrika wa cheo hicho hicho. Mtu wa rizavu aliyezipata fedha hizo aliweza kujaribu duka, lori au kinu cha kusagia, na wengi walijaribu wakashindwa. Mtu wa shambani hakuwa na pa kuziweka. Duka angelijenga kwenye ardhi ya nani? Ng'ombe angewanunua awachunge wapi, ikiwa halmashauri ya wilaya imeamua kwamba skwota afuge kondoo wachache tu au asifuge kabisa? Fedha ile, kwa wengi, iliishia kwenye mahari, kodi na nguo za watoto, kisha mwenyewe akasimama mbele ya meza ya setla kusaini mkataba mpya wa siku 240 au 270, wenye shamba dogo kuliko aliloliacha alipoondoka.

Uchungu wa hali hiyo unazidi ukilinganishwa na aliyopewa mwenzake mzungu. Baada ya vita vya kwanza, mpango wa 1919 wa kuwamilikisha ardhi wanajeshi wa zamani uligawa zaidi ya ekari milioni mbili kwa wazungu waliopigana, na sehemu ya ardhi ya Wanandi ikaingia humo, ilhali wapagazi Waafrika, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa kuhara, njaa na homa, hawakuambulia hata robo ekari. Baada ya vita vya pili kosa hilo lilirudiwa kwa macho makavu. Mpango mwingine wa kuwaleta Waingereza waliotoka jeshini uliundwa, wakapewa mikopo na mafunzo ya kilimo, huku maili za mraba 16,700 zilizotengwa rasmi mwaka 1939 kwa ajili ya wazungu zikibaki zimefungwa kwa wengine wote. Kwa hiyo iliwezekana askari mweusi aliyepigana Burma aajiriwe kama kibarua na askari mweupe aliyepigana vita hivyo hivyo, katika shamba ambalo huyu wa pili alipewa kama shukrani.

Wanaoshikilia maelezo ya kufumbuliwa macho watanijibu kwa kumtaja Waruhiu Itote, Jenerali China wa Mau Mau, ambaye kweli alipigana Burma. Ni mfano halali, ila ni wa mtu mmoja, tena aliyetoka katika kazi ya reli. Wanajeshi wa zamani walikuwapo msituni, na walikuwapo pia katika polisi, katika ulinzi wa nyumbani ulioundwa na serikali, na katika vikosi vya Keya vilivyotumwa kuwasaka waliokuwa msituni. Ujuzi wa bunduki peke yake haukuamua mtu asimame upande gani. Tukitaka kuona moto ulikoanzia mashambani, tutazame kwa maskwota wenyewe, waliopigana na waliobaki: waliokataa kutia saini mikataba mipya huko Naivasha na kwingineko katika miaka ya 1945 na 1946, na familia za Olenguruone, zilizohamishiwa huko 1941, zikakataa masharti ya serikali, zikala kiapo zikiwa na wake na watoto, hatimaye zikafukuzwa mwishoni mwa muongo huo. Watu wa Olenguruone hawakujifunza upinzani wao kutoka kwa majenerali. Waliupata katika kufukuzwa mara moja, halafu mara ya pili.

Nakiri kwamba jeshi lilimpa skwota kitu kimoja ambacho shamba halikumpa, nacho ni kipimo cha kulinganishia. Alikuwa ameona serikali ile ile iliyodai haina fedha za shule ikilisha na kuvisha mamia ya maelfu ya watu kwa miaka sita. Alizungumza Kiswahili na Mganda, Mnyamwezi na Mkamba katika hema moja, akagundua kwamba kipande cha mwenzake hakikutofautiana na chake. Haya ni mambo ya maana. Hata hivyo yasingekuwa na nguvu kama mkataba uliomngoja nyumbani ungekuwa wa haki. Kipande chenyewe kilifutwa kisheria mwaka 1947, kikabadilishwa kwa kitambulisho cha watu wa rangi zote, na mara masetla wakalalamika kwamba kuchukuliwa alama za vidole ni udhalilishaji. Hoja ambayo haikuwa imewasumbua kwa miaka karibu 30.

Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, makumi ya maelfu ya Wakikuyu waliondolewa katika mashamba ya Bonde la Ufa na kurundikwa katika rizavu ambamo wengine wao hawakuwa wamewahi kuishi. Miongoni mwao walikuwamo wenye medali. Uhuru ulipokuja, mashamba mengi ya wazungu yalinunuliwa na kugawanywa kupitia mpango wa ekari milioni moja, na aliyepata sehemu aliipata pamoja na deni la miaka mingi, akiilipia ardhi ambayo pengine baba yake ndiye aliyeifyeka. Waliokosa walibaki maskwota chini ya wenye mashamba wapya, na kesi za watu wa namna hiyo zingali mahakamani hadi leo.

Uingereza ilitenga takriban pauni milioni 12 mwaka 2018 kuwasaidia wanajeshi wa zamani wa Jumuiya ya Madola waliokuwa wakiishi katika umaskini, wakati ambapo kijana wa miaka 20 wa Kabaw alikuwa amefikisha miaka zaidi ya 90. Mjini Nairobi kuna sanamu za askari na mpagazi katika barabara ya Kenyatta, na kuna majina yaliyochongwa katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong. Kumbukumbu hizi zinamhifadhi mtu kwa namba yake ya jeshi. Faili za idara ya kazi na za wilaya, zilizomo katika hifadhi ya taifa ya nyaraka, zinamhifadhi mtu yule yule kwa namba ya kipande. Wanahistoria wetu wamezoea kuzisoma kama habari za watu wawili tofauti, mmoja wa sura ya vita na mwingine wa sura ya ardhi, na mitaala ya shule imewafuata. Zisomwe pamoja, familia moja baada ya nyingine, wakati ambapo watoto waliochuma pareto ile wangali hai wa kuulizwa nani aliondoka shamba gani, mwaka gani, na aliporudi alitia saini mkataba wa siku ngapi.